Kijana Namba Kumi na Moja

Mmeniomba niandike jinsi nilivyojifunza kazi ya kulea vijana, ninyi mliobaki na ufunguo wa ukumbi, mipira mitatu na ile kabati isiyofungika. Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili, na panya wa ofisi wanazijua kuliko mimi. Nitaandika habari za mafunzo tu, miezi sita katika miaka ya hamsini, mji huu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville na sisi watu weusi tukikaa cité, mtaa tuliotengewa, kwa kibali. Kibali kilikwenda pamoja na kazi. Aliyekosa kazi mpaka kibali kikaisha alipewa siku chache za kufunga mizigo, kisha akarudishwa kijijini kwao, hata kama kijiji chenyewe kilikuwa kimemsahau.

Mimi nilikuwa karani katika duka la Mgiriki mmoja. Mgiriki akafunga duka akarudi kwao, nami nikabaki na kalamu sikioni na kibali cha miezi saba. Kwetu ni Kilwa, si ile ya pwani, ni hii ya kando ya ziwa. Mke wangu Vérène alikuwa na mimba changa, na mimba hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilitoka njiani, ndani ya lori, tuliporudi kutoka kuwasalimu wazazi wangu. Barabara ya Kilwa mnaijua hata leo. Wakati ule ilikuwa mbaya zaidi. Mkunga wa maternité, hospitali ya uzazi, alimwambia Vérène waziwazi kwamba akipanda lori tena kabla ya kujifungua, asije kumlilia yeye. Kwa hiyo kupata kazi kabla ya kibali kuisha kulikuwa na maana moja tu nyumbani kwangu, na tuliiogopa hata kuitaja.

Ndipo likatoka tangazo. Utawala unatafuta wanaume wenye tabia njema, wanaojua kusoma, wasiozidi miaka thelathini, wafundishwe kuwa moniteurs, yaani walezi wa vijana wa cité. Atakayepata cheti atapata kazi na kibali. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilifika mlangoni mwa ukumbi mapema, nimevaa shati lililopigwa pasi na kaputula mpya tuliyoagizwa kuvaa. Nikanyanyua macho. Upande wa pili wa mlango alikuwa amesimama baba mkwe wangu, Papa Chola, naye kavaa kaputula.

Wageni wa desturi zetu niwaeleze kidogo. Kwetu, mume hamtazami baba wa mkewe usoni. Hapiti mbele yake, hali naye, hamtaji jina, na neno lolote kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Hiyo si chuki, ni heshima, na inakaa hivyo mpaka siku familia inapomfungulia mkwe njia kwa kuku na chakula. Wengi husubiri mtoto wa kwanza azaliwe. Sisi tulikuwa tunasubiri bado. Na kwa sababu ya heshima hiyo hiyo, hakuna aliyemuuliza mwenzake anatafuta kazi gani. Vérène alijua kwamba baba yake amepata shule fulani ya Wazungu. Mama mkwe alijua kwamba mimi nimepata mambo ya vijana. Kila mmoja alinyamaza na habari yake, na matokeo yake ndiyo hayo, kaputula mbili mlangoni.

Nikajitenga ili apite. Yeye naye akajitenga, maana baba mkwe hawezi kujikunyata mlangoni karibu na mkwe wake. Nikageukia ukuta. Akageukia ukuta wake. Wenzetu tisa wakapita katikati yetu wakaingia. Mwishowe akatoka mwalimu, Mbelgiji kijana mwenye magoti mekundu na filimbi shingoni, ambaye jina lake halisi hatukulitumia hata siku moja, maana kabla ya saa sita sote tulikuwa tunamwita Bwana Filimbi. Alituona watu wazima wawili, kila mmoja anatazama matofali yake. Akafungua daftari akaandika kwamba wote wawili tumechelewa.

Aliyetuokoa ni Donatien Ilunga, Mluba wa kaskazini ambaye baba yake alikuja kwa kazi ya reli, mwimbaji wa kanisani, mtu mwenye macho makali. Alielewa papo hapo. Akamshika Papa Chola mkono akamwingiza, kisha akarudi kunichukua mimi. Tukakaa benchi moja, yeye katikati. Kazi hiyo hakuiomba, lakini aliifanya miezi sita bila kukosa siku.

Mtauliza Papa Chola aliingiaje kwenye mafunzo ya watu wasiozidi thelathini. Alikuwa amefanya kazi kwenye tanuru la shaba tangu ujana wake, mpaka kifua kikachoka, wakamwachisha. Kitambulisho chake cha kwanza kiliungua na nyumba. Karani aliyemwandikia cha pili alikuwa anakimbilia chakula cha mchana. Alitazama kichwa kilichonyolewa, hakuona mvi, akaandika umri wa miaka ishirini na miwili. Papa Chola alijaribu kueleza, karani akamjibu kwamba wino umeshakauka. Kwa hesabu ya serikali, basi, mkwe wangu alimzaa mke wangu akiwa na miaka mitatu. Mimi kwenye karatasi nilikuwa na ishirini na saba, mkubwa wake kwa mbali. Bwana Filimbi alitupanga kwa umri, na Papa Chola akawa namba kumi na moja, mdogo kuliko wote.

Sasa jambo la mafunzo yenyewe. Vijana hawakuwepo. Walikuwa wamejaa barabarani, wakipiga mpira wa matambara hatua ishirini kutoka dirishani petu, lakini kuwaingiza ukumbini kulihitaji programu iidhinishwe huko juu, na programu isingeidhinishwa kabla moniteurs hawajapata vyeti. Bwana Filimbi hakukata tamaa. Alisema vijana tutakuwa sisi. Kila siku mmoja angekuwa mlezi na kumi wangekuwa vijana: mmoja mwenye haya, mmoja mwizi, mmoja wa kulialia. Kijana mkaidi, kwa amri ya kitabu, alitakiwa kuwa yule mdogo kuliko wote.

Kitabu hicho kiliandikwa Ulaya, na Bwana Filimbi alikifuata mstari kwa mstari. Sura ya nne ilisema vijana wajenge mtu wa theluji. Tulimjenga kwa udongo wa kichuguu, tukamvika kofia, na kwa kuwa hakuyeyuka kama kitabu kilivyoahidi, alikaa uani mwaka mzima na watu waliopita walimsalimu. Sura ya saba ilikuwa ya kuota moto porini. Moto ulikuwa marufuku uani, basi tulikaa saa nane mchana kwenye jua kali, tumezunguka kuni zisizowashwa, tumenyoosha viganja, tunaimba. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga nje ya uzio alituletea maji ya kunywa bila kuombwa. Alidhani tumeadhibiwa.

Bwana Filimbi hakuwa mjinga, msinielewe vibaya. Alitufundisha kuhesabu watoto kabla ya kutoka na baada ya kurudi, kuficha mpira mmoja siku zote, na kutopuliza filimbi ukiwa na hasira. Mambo hayo matatu yamenilisha miaka yote. Udhaifu wake ulikuwa kwamba kila alichokiona alikiandika, na kila alichokiandika kikawa mbinu.

Juma la tatu aligundua kwamba mimi na namba kumi na moja hatusemezani isipokuwa kwa kinywa cha Donatien. Nikisema mpira uje huku, Donatien anageuka anasema, "Anaomba mupira." Papa Chola anamjibu Donatien, "Umuambie mupira inakuya." Bwana Filimbi alitutazama asubuhi nzima, shingo imepinda. Alasiri akatangaza kwamba tumevumbua njia bora ya kuzuia ugomvi, na kwamba kuanzia kesho kila mtu darasani atasema na mwenzake kwa kupitia mtu wa tatu. Siku kumi na mbili tuliishi hivyo. Kuomba chumvi wakati wa kula kulihitaji wanaume watatu. Mmoja wetu alipokanyagwa kidole, ilibidi amtafute kwanza mtu wa kumpelekea kilio chake. Donatien alijaribu kumweleza mwalimu kwamba huu ni ukwe, akajibiwa kwamba jina si kitu, la maana ni matokeo.

Lakini nikisema ukweli, aliyenifundisha kazi ni kijana mkaidi. Papa Chola aliichukua nafasi ile kama alivyochukua kazi ya tanuru, bila mzaha. Akipigiwa filimbi, hakusikia. Akiamriwa, alikaa chini. Akibembelezwa kwa maneno matamu ya kitabuni, alitazama mawingu. Hakufanya hivyo kutukomoa. Alikuwa amelea watoto sita na kufundisha vijana wengi mbele ya moto, na alijua mkaidi anawaza nini. Jioni, tukielekea nyumbani, yeye mbele, Donatien katikati, mimi nyuma, alikuwa ananitumia masahihisho. Donatien alipunguza mwendo akanifikia, akasema Papa anasema leo uliongea na miguu yake, usoni hukuongea. Nikamjibu kwamba uso wake siruhusiwi kuutazama. Donatien akaenda mbio kupeleka, akarudi akihema. Papa alikuwa amekubali kwamba hapo nina haki.

Mwezi wa sita wa mafunzo Vérène alikuwa hawezi tena kuinama kuokota kijiko. Ikaja siku ya mtihani.

Walikaa watatu mezani: Bwana Filimbi, padri mmoja mnene aliyesinzia mapema, na Madame wa ofisi ya mambo ya jamii aliyekuwa na fomu. Karatasi zilikuwa ndani ya kofia ngumu ya mwalimu. Kila mmoja alichomoa moja, akaongoza mchezo ulioandikwa, na wengine kumi wakawa vijana. Papa Chola alichomoa mafundo ya kamba. Alifundisha vizuri hata padri akaamka, akafungua kiatu chake na kukifunga upya kwa fundo alilofundishwa. Donatien alichomoa wimbo, akaimba kama kawaida yake. Mimi nikachomoa saute-mouton.

Mchezo huo mnaujua. Mmoja anainama, mikono magotini, mwenzake anakuja mbio, anaweka viganja mgongoni mwake na kumruka, miguu huku na huku. Kitabu kilisema mlezi mwenyewe aonyeshe kwanza, na aonyeshe kwa kumruka mdogo kuliko wote.

Kwetu hata mtoto aliyelala mkekani humruki miguu. Ukimruka kwa bahati mbaya unarudi kumruka tena kuondoa mkosi. Mimi nilitakiwa kumpanda mgongoni baba mkwe wangu, mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa na kaputula. Kwa kosa dogo kuliko hilo, wajomba wa Vérène wangekuja kumchukua siku hiyo hiyo. Na nisiporuka, nakosa cheti, kibali kinaisha, na Vérène anapanda lori.

Vijana walijipanga. Papa Chola akainama wa kwanza, mrefu kama alivyo. Nikapuliza filimbi, nikakimbia, nikasimama hatua moja nyuma yake. Nikarudi. Nikapuliza tena, nikakimbia, nikasimama pale pale. Mara ya tatu Madame akauliza kama mimi ni mgonjwa. Bwana Filimbi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba ninawajengea vijana hamu.

Kutoka kule chini, bila kuinua kichwa, Papa Chola akasema, "Donatien, umuambie mugongo yangu iko inauma. Aruke."

Nikamwambia Donatien amwambie siwezi. Donatien akamwambia. Papa Chola akamwambia aniambie kwamba mtihani si wa mchezo. Nikamwambia amwambie najua. Donatien alikuwa anageuka huku na huku, jasho linamtoka. Bwana Filimbi alikuwa amesimama kwa furaha, anamwonyesha Madame mbinu yake ikifanya kazi. Mimi machozi yalikuwa karibu, sioni aibu kusema. Nilikwisha kuitua filimbi chini. Nilikuwa nimeamua kwenda nyumbani kumwambia Vérène afungashe.

Hapo Papa Chola akanyooka. Akatoka kwenye mstari, akampita Donatien, akaja mpaka mbele yangu na kunitazama usoni. Wenzetu tisa walijua ninyi mnachojua sasa, na Wazungu watatu hawakujua.

"Gaspard," akasema. Miaka mitatu nilikuwa mume wa binti yake, na sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake. "Gaspard, Vérène atazalia wapi? Mu lori tena?"

Nikatazama filimbi pale chini.

"Bon. Kama unaogopa juu yangu, mwenye mugongo njo miye, na miye nakuambia ruka. Nitainama. Weye usiangalie mugongo, angalia kwenye utaanguka."

Akarudi, akainama. Nikakimbia, nikaweka viganja vyangu mgongoni mwake, nikaisikia mifupa ya mgongo chini ya shati, na nikapita. Nilianguka vibaya, kwa goti. Halafu nikawaruka wengine wote bila kufikiri, na nilipogeuka namba kumi na moja naye alikuwa anakuja mbio kwa zamu yake, kwa uso wa mtu anayekwenda kulipa kodi, akakwama juu ya Donatien. Iliwachukua wanne kuwatenganisha. Padri alipiga makofi.

Kesho yake asubuhi mlangoni Papa Chola akageukia ukuta kama kawaida, nami nikageukia wangu. Nilimuuliza kupitia kwa Donatien kama wajomba wataitwa. Jibu lilirudi kwamba mambo ya darasani ni ya darasani, na kwamba yeye hana nia ya kusimama mbele ya ukoo kueleza alikuwa ameinama kwa sababu gani.

Matokeo yalibandikwa Jumamosi. Tisa walipata cheti, pamoja na Donatien. Wa kumi nilikuwa mimi, na sifa kwamba nina subira kubwa kwa kijana mgumu. Namba kumi na moja alikosa. Fomu ya Madame ilieleza: mafundo mazuri, lakini katikati ya mchezo wa mwenzake aliacha mstari bila ruhusa na kumsemesha mlezi kwa ukali, hana nidhamu, bado ni mtoto kwa tabia, ajaribu tena baada ya miaka miwili.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikaenda kwa Bwana Filimbi, na nikamweleza yote, bila mtu wa tatu: ukwe, mimba, lori la Kilwa, kitambulisho, karani na njaa yake. Nilimwambia kwamba siku ile mkaidi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimegoma, filimbi iko chini, nakwenda zangu, na mtu mmoja tu mle ukumbini aliiona hali yangu, akanifuata, akaniita kwa jina na kunirudisha mchezoni. Nikamwambia kazi mliyotufundisha miezi sita imefanywa mara moja tu, na aliyeifanya mmemnyima cheti.

Alinisikiliza. Akawa mwekundu hadi masikioni, na naamini aliumia kweli. Akaitafuta ile fomu, akaisoma mbele na nyuma, akaniuliza mahali pa kuandika baba mkwe ni wapi. Hapakuwepo. Kulikuwa na jina, umri na tabia. Akafikiri, akasema angeweza kumwandikia Madame kwamba umri umekosewa, kwamba huyu ni mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini na si mtoto. Kisha akajikumbusha mwenyewe kwamba anayezidi thelathini haruhusiwi kwenye mafunzo kabisa. Papa Chola alikuwa mdogo mno kupewa cheti na mkubwa mno kukubaliwa kukiomba. Tukatazamana. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Bwana Filimbi na daftari mkononi asiandike kitu.

Basi Papa Chola akapewa siku kumi na nne arudi Lukafu, kijijini kwao. Vérène alijifungua maternité mwezi uliofuata, hatua chache kutoka nyumbani, salama, lakini baba yake hakuwepo kuona. Alilia kwa hilo kuliko alivyolia kwa uchungu, na mpaka leo nikimtaja baba yake sauti yake inabadilika.

Jumapili ya mwisho kabla ya lori la Lukafu, nilichukua kuku, jogoo mweupe, nikaenda naye nyumbani kwa wakwe adhuhuri. Nilisimama uani nikitazama chini. Mtoto alikuwa bado hajazaliwa, utaratibu ulikuwa haujafika, na hakuna aliyeniita. Donatien alikuja nami kupeleka maneno. Alimwambia Papa Chola kwamba mkwe anaomba njia. Papa Chola alimtazama yule jogoo kwa muda mrefu, akamwita mama mkwe achemshe maji.

Chakula kilipoletwa, bukari, yaani ugali, na kuku kwenye sinia moja, Papa Chola alikaa mkekani upande mmoja, na mimi nikaonyeshwa upande wa pili. Donatien, kwa mazoea ya miezi sita, akaja akakaa katikati, akanyoosha shingo tayari kusikiliza. Tulinawa. Papa Chola akamega tonge, akalishika mkononi bila kula.

"Donatien," akasema, "sogea kule. Leo niko nasema na mutoto yangu."

Donatien akasogea.